Kutunza Kazi za Sanaa za Kidijitali Teknolojia Inapobadilika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wachoraji wa kompyuta, watengenezaji wa katuni na video, wapiga picha, na wasimamizi wa maonyesho. Nimeyajibu kwa kadiri ya uzito wake: mengine yanatosheka na mistari miwili, mengine yanataka nafasi. Kama una haraka, anza na swali la maelezo ya msanii, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hupotelea.

Kazi ya sanaa ya kidijitali ni ipi hasa?

Ni kazi ambayo haionekani wala kusikika mpaka mashine iisome. Mchoro uliochorwa kwa kalamu ya tableti umo. Video ya sanaa imo, kama ile aliyoitengeneza Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2013 kwa ajili ya Nasher Museum ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Tovuti iliyobuniwa kama kazi ya sanaa imo, na mchezo wa kompyuta pia umo: Novemba 2012 makumbusho ya MoMA, New York, yalitangaza kuingiza michezo 14 katika mkusanyiko wake, Pac-Man na Tetris ikiwemo. Picha uliyoichora kwa rangi ya mafuta kisha ukaipiga kwa simu ni kumbukumbu ya kazi nyingine, lakini faili lake linatunzwa kwa njia zilezile.

Faili lipo salama kwenye diski. Kwa nini mnasema kazi inaweza kufa?

Faili haliwezi kujionyesha lenyewe. Linahitaji programu inayolielewa, programu inahitaji mfumo endeshi, mfumo unahitaji mashine, na mashine inahitaji skrini na spika za aina fulani. Kimoja kikiondoka, faili linabaki zima na kazi haionekani. Waliokuwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012 hawahitaji kuelezwa zaidi: mitambo ya analojia ilizimwa, na TV ambazo hazikuwa na hitilafu yoyote zikabaki na chenga mpaka mwenye nyumba anunue king'amuzi. Nairobi ilifuata Februari 2015.

Kwa upande wa sanaa, pigo kubwa la aina hiyo ni Flash, programu ya kutengenezea na kuchezea katuni, video na michezo kwenye mtandao. Kwa miaka mingi wasanii wa mtandao, watengenezaji wa katuni na wabunifu wa michezo waliitumia kwa sababu ilikuwa rahisi na ilifunguka kwenye kila kivinjari. Julai 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba itaiacha. Tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kuihudumia, na kuanzia 12 Januari 2021 kicheza Flash chenyewe kikawa kinakataa kufungua kazi. Mafaili yalikuwa palepale kwenye seva na kwenye diski za watu. Aliyefungua tovuti yake asubuhi hiyo alikuta kisanduku kitupu.

Kipi huanza kuharibika: diski au programu?

Mara nyingi programu hukuacha kabla diski haijafa. Lakini usiitumainie diski. Flashi na kadi za kumbukumbu hutunza data kama chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole kifaa kikikaa bila kutumiwa. Diski kuu za sumaku zina sehemu zinazozunguka, nazo huchoka. CD za kuchoma nyumbani zina tabaka la rangi ambalo joto na mwanga hulila.

Kuna kazi iliyowahi kuokolewa ikiwa imeshapotea kabisa?

Zipo, na ile inayonifundisha zaidi ni ya Andy Warhol, mchoraji maarufu wa Marekani. Julai 1985 kampuni ya Commodore ilizindua kompyuta yake ya Amiga 1000 katika Lincoln Center, New York. Warhol akapanda jukwaani na kuchora sura ya mwimbaji Debbie Harry kwa kutumia kipanya, watu wakimtazama. Aliendelea kuichezea mashine hiyo faraghani, akafariki Februari 1987. Flopi zake, yaani diski ndogo za sumaku za enzi hizo, zikaishia kwenye hifadhi ya makumbusho yenye jina lake, Pittsburgh, zikakaa humo miaka mingi bila mtu kuzifungua. Commodore wenyewe walifilisika mwaka 1994.

Mwaka 2011 msanii Cory Arcangel aliona YouTube kipande cha video ya uzinduzi ule, akauliza swali dogo: picha nyingine alizochora zilikwenda wapi? Makumbusho yakashirikiana na klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichopo mji huohuo. Angalia walivyofanya. Hawakutwaa flopi na kuitumbukiza kwenye Amiga ya zamani wakiomba Mungu. Walitumia kifaa kinachoitwa KryoFlux, ambacho hunasa mawimbi ya sumaku jinsi yalivyo juu ya flopi, wakatengeneza nakala kamili ya kila moja, kisha kazi yote ikafanyika kwenye nakala. Hapo wakakutana na ukuta wa pili: picha zilikuwa za muundo ambao hakuna programu iliyoufahamu, kwa sababu Warhol alitumia toleo la programu la kabla ya kuuzwa madukani. Ikabidi wanaklabu waufumbue muundo wenyewe, baiti kwa baiti. Aprili 2014 picha zikatangazwa, miongoni mwake kopo la supu ya Campbell's na Venus mwenye macho matatu.

Kazi zile zilipona kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna aliyezitupa flopi kwa kudhani ni takataka. Pili, zilikuwa za mtu maarufu kiasi cha wataalamu kujitolea muda wao. Msanii wa kawaida hana uhakika wa hili la pili, kwa hiyo inambidi ajipange mapema.

Kazi yangu inatumia TV za zamani. Nikiweka za flati badala yake, je, bado ni kazi ileile?

Swali hili limewaumiza vichwa watunzaji wa makumbusho duniani kote, na mfano wake mkubwa uko Korea Kusini. Msanii Nam June Paik alijenga mnara wa TV 1,003 kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa huko Gwacheon, mwaka 1988, mwaka wa Olimpiki ya Seoul. Idadi hiyo inasimamia tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya kuzaliwa kwa taifa lao. Mnara una urefu wa zaidi ya mita 18, na TV zake zote zilikuwa za chogo.

TV za chogo hazitengenezwi tena kwa wingi. Zile za Paik zilichoka moja baada ya nyingine, zikawa zinapata joto kupita kiasi, na mwaka 2018 makumbusho yakazima mnara mzima kwa kuhofia usalama. Paik alikuwa amefariki tangu 2006, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpigia simu. Wengine walitaka skrini zote zibadilishwe. Wengine walitaka mnara ubaki umezimwa kuliko kuonyeshwa na vioo ambavyo si vyake. Mafundi wakatafuta vipuri na TV za mtumba, na hatimaye TV 737 zikakarabatiwa zikabaki za chogo. 266 zilizobaki, zile ndogo ambazo vipuri vyake havikupatikana, zikawekewa skrini bapa ndani ya umbo lilelile la nje. Mnara ukawashwa tena rasmi Septemba 2022.

Mimi naona walifanya sawa. Kioo cha chogo kina mbonyeo wake, mwanga wake unatoka ndani, na mistari yake inatetemeka kidogo. Macho yanajua tofauti. Lakini mnara uliozimwa hauonyeshi hata hicho. Kama kazi yako inategemea TV ya chogo, kusanya vipuri sasa, na umfahamu fundi wako. Huku kwetu bado wapo wazee wanaoweza kuifungua TV ya chogo na kuitambua hitilafu kwa harufu tu, na ujuzi huo ni sehemu ya hifadhi sawa na kifaa chenyewe.

Kwa ujumla kuna njia ngapi za kutunza?

Makumbusho ya Guggenheim, New York, kupitia mradi ulioanzishwa na Jon Ippolito, yaliziweka katika mafungu manne, na mpaka leo watu wengi wa fani hii wanazungumza kwa lugha hiyo. Ya kwanza ni kuweka: unatunza faili na mashine yake ya asili mpaka itakapokufa. Ya pili ni kuhamisha: unaipeleka kazi kwenye muundo au kifaa kipya. Ya tatu ni kuiga: kompyuta mpya inajifanya ni ya zamani ili faili la zamani lisihisi tofauti. Ya nne ni kufasiri upya: kazi inatengenezwa tena kwa vyombo vya sasa kwa kufuata maana yake.

Njia ya kwanza ni ya uaminifu kuliko zote na ndiyo inayodumu muda mfupi kuliko zote. Ya nne ni ya hatari kuliko zote, na wakati mwingine ndiyo pekee iliyobaki.

Huko "kuiga" hufanyika vipi?

Kuna programu ziitwazo emuleta. Emuleta inatenda kila ambacho chipu ya zamani ingetenda, kwa hiyo programu ya mwaka 1990 inaendeshwa kwenye laptopu ya leo bila kubadilishwa herufi hata moja. Kwa kazi za Flash ipo Ruffle, inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Novemba 2020, wiki chache kabla Flash haijazikwa, Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya San Francisco, iliitumia kufungua mkusanyiko wa katuni na michezo ya Flash ambao hadi sasa unachezeka kwenye kivinjari cha kawaida. Kama una mafaili ya zamani yenye mwisho wa .swf, jaribu Ruffle kabla ya kukata tamaa.

Je, anayetazama anaona tofauti? Mwaka 2004 Guggenheim waliandaa maonyesho ya kulijibu swali hilo hadharani. Waliweka kazi za asili na nakala zake za kuigwa sambamba, ikiwemo kazi ya video ya Grahame Weinbren na Roberta Friedman ya miaka ya 1982 hadi 1985, ambapo mtazamaji hugusa skrini na kubadilisha mwendo wa hadithi. Mtu angeweza kugusa hii kisha ile na kuamua mwenyewe. Natamani kila maonyesho ya ukarabati yangekuwa hivyo.

Kubadilisha msimbo wa kazi ya mtu si kumharibia?

Inategemea unabadilisha nini na unaacha alama gani nyuma. Mfano mzuri ni kazi ya msanii Shu Lea Cheang, tovuti ya mwaka 1998 inayomhusu kijana Brandon Teena aliyeuawa Nebraska mwaka 1993. Ndiyo kazi ya kwanza ya mtandao ambayo Guggenheim waliiagiza. Baada ya miaka karibu 20 sehemu zake zilizotegemea apleti za Java, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, zilikuwa zimeganda, maana vivinjari viliacha kuzikubali. Makumbusho yakashirikiana na wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha New York, wakapitia msimbo ukurasa kwa ukurasa, na zile apleti zikabadilishwa kwa teknolojia ambayo vivinjari vya leo vinaielewa. Ukarabati ulikamilika mwaka 2017, msanii akiwa hai na akiulizwa.

Kanuni ninazozishikilia katika kazi ya namna hii ni chache. Msimbo wa asili haufutwi, unawekwa kando ukiwa kamili. Kila badiliko linaandikwa: nani, lini, kwa nini. Na kabla ya kugusa chochote, kazi inarekodiwa kwa video ikitembea kwenye mashine ya zamani, ili mwendo wake, rangi zake na hata ukawivu wake vijulikane. Fundi asiyejua kazi ilikuwa ikikwenda kwa kasi gani ataifanya iende haraka, kwa sababu kompyuta ya leo inaruhusu.

Ukawivu nao unatunzwa?

Ndiyo, kama ni sehemu ya kazi. Mwaka 1996 Olia Lialina, msanii wa Urusi, alitengeneza hadithi ya mtandao kuhusu mwanamke na mpenzi wake aliyerudi kutoka vitani. Unabofya, ukurasa mweusi unagawanyika vipande, kila kipande kinatoa neno au picha, mazungumzo yao yanazidi kukatika. Enzi hizo mtandao ulipita kwenye waya wa simu, picha zilishuka taratibu, na kati ya sentensi moja na nyingine msomaji alibaki anasubiri kama wale wapenzi wawili. Kwenye intaneti ya leo kila kitu kinatokea papo hapo. Faili ni lilelile, lakini ule ukimya kati ya maneno umeondoka. Shirika la Rhizome la New York, lililoanza kukusanya kazi za mtandao mwaka 1999, limeionyesha ndani ya kivinjari cha zamani cha Netscape kinachoigwa, ili angalau sura ya enzi ile isipotee.

Kazi yangu ni tovuti. Nitunzeje?

Usitegemee kwamba utalipia jina la tovuti milele. Weka msimbo wote na picha zote kwako, nje ya seva. Kisha ipeleke kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za tovuti ya Internet Archive, ambako unaweza mwenyewe kuomba ukurasa uhifadhiwe. Kumbuka kwamba roboti wa kuhifadhi tovuti hufuata viungo tu. Kinachotokea baada ya mtu kubofya, kuburuta au kuandika mara nyingi hakinaswi. Kwa kazi za namna hiyo tumia zana za Webrecorder: wewe unaitembelea tovuti kama mgeni, yenyewe inarekodi kila kilichopita kati ya kivinjari na seva.

Yahoo walipoifunga GeoCities, huduma ya kutengenezea kurasa binafsi, Oktoba 2009, kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida zilikuwa zinakwenda na maji. Kikundi cha kujitolea kiitwacho Archive Team kilikimbizana na tarehe na kunakili kilichowezekana, karibu terabaiti moja. Wenye kurasa wengi hawakujua hata kwamba kuna tarehe.

Nimeweka kila kitu Instagram na YouTube. Haitoshi?

Haitoshi. Hayo ni majukwaa ya kuonyeshea. Instagram hupunguza picha hadi upana wa pikseli 1,080, na YouTube huibana video upya. Ulichopandisha na kinachokaa kule si kitu kimoja.

Tena jukwaa halina ahadi kwako. Machi 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, walikiri kwamba walipokuwa wanahamisha seva walipoteza muziki uliopandishwa tangu 2003 hadi 2015. Zilitajwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Wanamuziki wengi hawakuwa na nakala nyingine. Google nao sasa wanaweza kufuta akaunti ambayo haijatumiwa kwa miaka 2, pamoja na vilivyomo kwenye Drive na Photos. Msanii anayeugua muda mrefu, aliyefungwa, au aliyesahau nenosiri anaweza kufutiwa kazi zote bila kujua.

Na WhatsApp?

Ukituma picha kama picha, inabanwa na kupoteza taarifa zake za ndani. Tuma kama hati, ifike kamili. Na ukipokea kazi ya mtu kwa njia ya picha, mwombe faili lenyewe. Usiitunze ile iliyobanwa ukidhani ndiyo kazi.

Nikiiweka kwenye blokucheni kama NFT, itadumu milele?

Blokucheni ni daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na NFT ni tokeni, yaani cheti cha umiliki kilichoandikwa humo. Kinachodumu huko ni rekodi ya umiliki. Kazi yenyewe mara nyingi iko mahali pengine, na tokeni inabeba anwani tu. Ikiwa anwani hiyo ni ya seva ya kampuni, kampuni ikifunga mlango picha imekwenda. Ikiwa iko kwenye IPFS, mtandao wa kompyuta zinazogawana mafaili, itapatikana mradi kuna kompyuta inayoendelea kuishikilia, na huyo mshikiliaji analipwa na mtu. Hata zile picha 10,000 za NFT ziitwazo CryptoPunks za mwaka 2017 hazikuwa ndani ya blokucheni mwanzoni. Waanzilishi waliziingiza baadaye, Agosti 2021, na iliwezekana kwa sababu ni picha ndogo mno. Uza kama unauza, lakini hifadhi yako iendeshe kando.

Kazi yangu inavuta data kutoka mtandao mwingine, au inatumia akili mnemba ya kampuni. Nifanye nini?

Chukulia kwamba huduma hiyo ina siku itaondoka. Mwaka 2023 Twitter waliacha kutoa data yao bure kwa watengenezaji programu, na kazi nyingi zilizokuwa zikisoma maneno ya watu moja kwa moja zikanyamaza. Rekodi saa kadhaa za data halisi wakati kazi ingali inafanya kazi, ili baadaye iweze kulishwa rekodi hiyo. Kwa akili mnemba andika jina na toleo la modeli, maelekezo uliyoipa, na utunze matokeo. Ukiweza, tumia modeli unayoweza kuipakua na kuiweka kwenye diski yako.

Nitumie muundo gani wa faili?

Kwa picha, TIFF au PNG. Kwa sauti, WAV. Kwa video, hifadhi nyingi zinatumia FFV1 ndani ya Matroska (faili lenye mwisho wa .mkv), ambayo haipotezi chochote na maelezo yake yako wazi kwa kila mtu. Kama huna uwezo wa kuitengeneza, tunza faili lenye ubora wa juu kabisa lililotoka kwenye programu yako. Kwa maandishi, PDF/A, aina ya PDF iliyokusudiwa hifadhi. JPEG na MP4 ni za kutuma na kuonyesha.

Mafaili ya kazi yenye tabaka, kama ya Photoshop au After Effects, yatunze pia, lakini pembeni yake weka toleo lililokamilika ambalo halihitaji programu hiyo. Fonti ziweke kwenye folda moja na kazi.

Natumia programu iliyovunjwa leseni. Ina athari kwenye hifadhi?

Inayo, mbali na suala la sheria. Siku ukiformati kompyuta, toleo lile hulipati tena, na faili linaweza kukataa kufunguka kwenye toleo jingine. Krita, Blender, Inkscape na GIMP ni za bure na miundo yao iko wazi. Sikulazimishi kuhama, ila kila kazi iliyokamilika itoe nje kwa muundo ulio wazi siku hiyohiyo.

Nakala ngapi zinatosha?

Tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Ya nje ndiyo watu huisahau. Diski mbili kwenye droo moja huibiwa pamoja, huungua pamoja, na hulowana pamoja mafuriko yakija. Mpe ndugu aliye mkoa mwingine, au ilipie nafasi mtandaoni.

Sisi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar tuna adui wa ziada, unyevu na chumvi. Diski ikae kwenye chombo kinachofunga vizuri, ndani yake vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu na mabegi, na vibadilishwe vikishalowa. Umeme unapokatika ovyo, usinakili mafaili kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba). Faili linaloandikwa nusu ni kifo cha kimya.

Kuhusu kifo hicho cha kimya: faili linaweza kuharibika bila jina wala ukubwa wake kubadilika. Ndiyo maana hifadhi zote makini hutengeneza namba ya uhakiki kwa kila faili. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, utapata mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Uandike. Ukirudia mwaka ujao na ukapata mfuatano uleule, faili halijaguswa. Ikitofautika hata herufi moja, chukua nakala nyingine.

Maelezo ya msanii yana umuhimu gani? Faili si linajieleza?

Kama kuna jambo moja ningependa lifanyike wiki hii, ni hili. Tazama kesi zote zilizopita hapo juu: ugumu mkubwa ulikuja pale ambapo hakuna aliyejua msanii angekubali nini. Mnara wa Paik ulikaa gizani miaka, na sehemu kubwa ya mjadala ilikuwa ni watu kukisia. Ukurasa mmoja wa maelezo ungepunguza mengi.

Andika kwa lugha unayoiongea. Kazi hii ni nini: ni kifaa, ni picha inayoonekana, ni mwendo, au ni kile mtazamaji anachofanya? Skrini ikifa, niweke yoyote, au ukubwa na umbo ni lazima? Rangi nyeusi iwe nyeusi kiasi gani? Sauti isikike nje ya chumba au ndani ya vipokea sauti tu? Kasi inaruhusiwa kubadilika? Kama teknolojia imeisha kabisa, mnaruhusiwa kuitengeneza upya, au iache ife? Taja toleo la programu, la mfumo endeshi, plagini zote, na mashine uliyotumia. Piga picha ya kazi ikiwa imesimikwa, pamoja na nyaya za nyuma.

Rafael Lozano-Hemmer, msanii wa Mexico na Kanada, aliandika mwongozo mwaka 2015 akiwahimiza wasanii wenzake wasiwaachie makumbusho mzigo huu peke yao. Nakubaliana naye bila kusita. Hakuna mtunzaji, awe na maabara ya namna gani, anayeweza kukisia ulichokipenda.

Mnunuzi apewe nini?

Faili la hali ya juu, nakala ya kuonyeshea, namba ya uhakiki, yale maelezo, na mkataba unaosema wazi kama ana ruhusa ya kuihamisha kwenye muundo mpya. Bila kipengele hicho, mnunuzi mwaminifu ataogopa kuigusa na itamfia mikononi.

Msanii akifariki, nani anaruhusiwa kuitengeneza?

Warithi wa hakimiliki. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1999, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2001, haki za mchoro hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wosia utaje kazi za kidijitali kwa majina, na manenosiri yaachwe mahali ambapo mtu mmoja unayemwamini anajua. Familia nyingi huuza laptopu ya marehemu ndani ya mwezi wa kwanza ili kulipia gharama za msiba, na si kwa ubaya. Hakuna aliyewaambia kilichomo.

Je, kila kazi lazima itunzwe?

Hapana. Kuna wasanii wanaotaka kazi yao iishe pamoja na mashine yake, na hilo liheshimiwe. Lakini liwe limeamuliwa na kuandikwa. Kupotea kwa uzembe hakufanani na kuagwa.

Nina flopi, CD na flashi za zamani kabatini. Nianzie wapi?

Usizichomeke ovyo kujaribu kama bado zinasoma. Kila jaribio kwenye kifaa chakavu linaweza kuwa la mwisho. Kwanza piga picha lebo zake, maana maandishi ya kalamu hufifia. Flopi zenye ukungu usiziweke kwenye kisomeo mpaka zisafishwe na anayejua, kwa sababu ukungu utahamia kwenye kichwa cha kisomeo na kukwaruza zinazofuata. Flopi za inchi 3.5 zina kijilango kidogo pembeni: kifungue tundu lionekane, hapo kompyuta haitaweza kuandika juu yake. Kisomeo cha flopi cha USB kinasoma zile za kompyuta za kawaida tu. Za Amiga zinataka kifaa cha aina ya KryoFlux.

Nakili diski nzima kwa mara moja iwe faili moja la taswira, kisha fungua nakala. CD ikigoma, jaribu kisomeo kingine kabla ya kuitangaza imekufa. Visomeo vinatofautiana sana. Na ikikataa kabisa, iandikie "haikusomeka" pamoja na tarehe, irudishe kwenye kasha lake, usiitupe.